Kulungu na Wawindaji Kwenye Ardhi ya Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, siku chache tu baada ya msimu wa bunduki kufunguliwa Pennsylvania, wenzetu huuliza jambo lile lile: kulungu wamekwenda wapi? Mwezi wa tisa walikuwa wakionekana kando ya barabara kila jioni, kamera za porini zimejaa picha zao, halafu msimu unafunguliwa na msitu mzima unakuwa kimya. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu hasa Pennsylvania, kwa kuwa ndiko ninakowinda, na ndiko ardhi ya umma ilivyo nyingi na wawindaji vilevile. Mengi yatamfaa pia aliyeko Ohio, New York, Michigan au Kentucky.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kulungu hajaondoka. Ameipanga siku yake upya ili akwepane na watu, na anayemtaka hana budi kuwasoma watu kwanza.

Kulungu anayezungumziwa hapa ni yupi?

Ni kulungu wa mkia mweupe, Odocoileus virginianus, anayeishi kuanzia Kanada hadi sehemu za Amerika ya Kusini. Si yule wa misitu ya Afrika Mashariki mwenye madoa meupe ubavuni, ambaye wengine humwita pongo. Dume wa huku huangusha pembe zake kila majira ya baridi na kuotesha nyingine mpya. Akitimua mbio huinua mkia, na upande wake wa chini ni mweupe pepe. Kwenye misitu inayowindwa sana, mara nyingi huo mkia ndio utakaouona na si zaidi.

Ardhi ya umma maana yake ni ipi?

Ni ardhi ambayo mwenye leseni yeyote anaruhusiwa kuwinda bila kuomba ruhusa ya mwenye shamba. Pennsylvania ina State Game Lands, mapori yanayomilikiwa na Pennsylvania Game Commission, idara ya wanyamapori ya jimbo, zaidi ya ekari milioni 1.5 kwa jumla. Pori la kwanza lilinunuliwa mwaka 1920, huko Elk County. Kuna pia misitu ya jimbo, kama ekari milioni 2.2, na msitu wa taifa wa Allegheny unaozidi ekari laki tano. Sehemu kubwa ya fedha za mapori hayo imetoka kwa wawindaji wenyewe, kupitia ada za leseni na ushuru wa bunduki na risasi uliotengwa kwa ajili ya wanyamapori na sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937. Hilo huwa nalisisitiza kwa wageni wanaodhani wanapewa fadhila: ukishakata leseni, lile pori ni lako kama lilivyo la mzaliwa wa huko.

Shinikizo la uwindaji ni nini hasa? Ni milio ya risasi?

Milio ni sehemu ndogo. Shinikizo ni jumla ya yote yanayomwambia kulungu kwamba kuna mtu anayemtafuta: milango ya magari inayofungwa saa kumi na moja alfajiri, mwanga wa tochi ukipanda mlima, harufu ya viatu kwenye majani, dungu lililofungwa kwenye mti ambao jana haukuwa na kitu, mtu anayekuja kila Jumapili kubadilisha betri za kamera. Idadi ya watu kwa eneo ina uzito wake, na idadi ya siku mfululizo ina uzito zaidi.

Na huanza mapema kuliko tunavyodhani. Wapiga mshale huingia msituni mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Kabla yao wapo wanaotembea kutafuta dalili, na katikati wapo wawindaji wa sungura na ndege wakiwa na mbwa. Siku bunduki zinaporuhusiwa, yaani Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja (hadi mwaka 2018 ilikuwa Jumatatu), kulungu ana wiki nyingi za kukaa chonjo nyuma yake.

Je, msimu ukifunguliwa kulungu huhama?

Kwa kawaida hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kulungu wa mkia mweupe ana eneo lake la kudumu, ambalo kwa dume mara nyingi ni kama maili moja ya mraba, yaani ekari 640, na kwa jike huwa dogo zaidi. Analijua kila kichochoro chake. Kuliacha ni kuingia mahali asipojua pa kujificha, jambo la hatari kuliko kubaki.

Kusini mwa Oklahoma, mwaka 2008 na 2009, watafiti waliwavika madume kola za GPS kwenye ranchi moja na kuigawa sehemu tatu. Sehemu moja haikuwindwa, nyingine iliwekewa mwindaji mmoja kwa kila ekari 250, ya tatu mwindaji mmoja kwa kila ekari 75. Kola zilionyesha madume wapo palepale kwenye maeneo yao. Lakini kadiri siku zilivyosonga, wawindaji waliwaona wachache zaidi na zaidi. Madume walipunguza mwendo, wakabana kwenye vichaka.

Mwindaji anayesema "wameisha" huwa amekaa mita mia mbili kutoka kwa dume aliyelala.

Basi hubadilisha nini?

Mambo matatu, na huenda pamoja. Kwanza ni mahali: kutoka kwenye msitu ulio wazi wenye miti mirefu kwenda kwenye uficho mzito. Pili ni saa: nyendo za maeneo ya wazi, kama mashamba na chini ya mialoni iliyodondosha mbegu, zinasogezwa gizani. Tatu ni wingi wa mwendo: badala ya kuzunguka, anasimama, anakula majani machache yaliyo karibu na anapolala, anarudi kulala.

Uficho mzito wa Pennsylvania una sura zake. Kuna vichaka vya loreli, ua la jimbo hilo, ambavyo majani yake hayapukutiki wakati wa baridi na matawi yake yamesukana hivi kwamba mtu mzima hupita kwa kuinama. Kuna sehemu zilizokatwa miti miaka mitano hadi kumi na mitano iliyopita, ambako miche imeota imebanana. Kuna vinamasi vyenye miti ya hemloki. Kuna miteremko mikali yenye mawe ambayo ukiitazama kutoka barabarani unachoka kabla hujaanza kupanda.

Nenda ukayatazame malalo yao mwezi wa pili, msimu ukiwa umekwisha na theluji ingali chini. Utakuta shimo la umbo la yai lililoyeyushwa na joto la mwili, na manyoya ya kijivu yenye mirija mitupu yameganda kwenye barafu. Chuchumaa mle ndani, macho yako yawe usawa wa macho yake. Mgongoni kwako upepo unashuka kutoka juu ya mlima, ukileta harufu ya chochote kinachokuja kwa nyuma. Mbele, kati ya vigogo viwili, unaiona barabara ya msitu na mahali pa kuegesha magari. Alikuona ukishuka garini. Somo hilo halipatikani kwenye kamera yoyote.

Mabadiliko haya huanza lini?

Haraka mno. Siku ya kwanza ya bunduki inaweza kutosha. Norway, watafiti waliofuatilia madume wa kulungu mwekundu walikuta kwamba waliopona msimu ni wale waliohamia kwenye uficho pale pale msimu ulipofunguliwa. Waliochelewa ndio waliouawa. Pennsylvania nako sehemu kubwa ya madume wa msimu wa bunduki hupigwa siku za mwanzo kabisa, siyo kwa sababu wanaisha baada ya hapo, bali kwa sababu waliobaki wameshaelewa.

Ni kweli kwamba hugeuka wanyama wa usiku kabisa?

Huelekea usiku, ila si kabisa. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa tafiti 76 kuhusu aina 62 za wanyama wanyonyeshao kutoka mabara sita, na ukaonyesha kwamba penye watu shughuli za usiku huongezeka kwa wastani wa mara 1.36. Haikuwa lazima watu wawe na bunduki. Hata watembeaji wa kawaida walileta mabadiliko. Kwa hiyo mwelekeo upo na ni wa dunia nzima.

Lakini kulungu ni mnyama wa kucheua. Anakula, analala anacheua, anaamka kula tena, usiku na mchana. Hawezi kulala kuanzia alfajiri hadi magharibi bila kuinuka. Tatizo letu ni kwamba akiinuka mchana anatembea mita hamsini ndani ya loreli na kurudi, huku sisi tumekaa ukingoni mwa uwanja wenye majani tukingoja atoke. Atatoka, ila saa moja na nusu usiku, wakati wewe umeshafika nyumbani unavua viatu.

Wanajuaje kwamba tupo?

Kwa pua kwanza, masikio pili, macho tatu. Macho yanaweza kudanganywa na masikio yanaweza kusahaulishwa na upepo. Pua haidanganywi. Dawa za kuficha harufu zinauzwa kwa bei kubwa, na sijaona hata moja inayomshinda kulungu aliye upande wa demani, upepo unakokwenda.

Jike anayekushuku hakimbii mara moja. Anasimama, masikio yote mawili mbele. Anainamisha kichwa kama anayekula, kisha anakiinua ghafla ili akunase ukisogea. Anaunyanyua mguu mmoja wa mbele taratibu, anauacha ukining'inia, halafu anaupiga chini. Kwenye ardhi iliyoganda mlio wake unasikika vizuri. Kisha anaanza kuzunguka, hatua kwa hatua, hadi aifikie hewa inayotoka kwako. Akishaipata, anatoa mkoromo mkali wa pua, mara mbili tatu, na kuchanja mbuga mkia juu. Kila kulungu aliyeko bondeni amesikia. Jike wa namna hiyo akiwa na watoto wake wawili wa mwaka huo, hao nao wamejifunza mti gani uepukwe.

Milimani ongeza jambo moja: hewa yenyewe hutembea. Jua likishachomoza na mteremko ukapata joto, hewa hupanda. Jioni mlima ukipoa, hewa hushuka na kukusanyika bondeni. Dungu zuri la asubuhi linaweza kuwa baya kabisa ifikapo saa kumi jioni bila upepo wa kawaida kubadilika hata kidogo.

Nguo za rangi ya chungwa zinawatisha?

Hapana. Kulungu haoni chungwa na nyekundu kama tunavyoona sisi. Kwake ni rangi iliyofifia. Anachokiona vizuri ni bluu, na mwanga ulio karibu na urujuanimno, kwa hiyo jinzi na sabuni zenye kung'arisha nguo zina madhara kuliko fulana ya chungwa. Anachokigundua upesi zaidi ya rangi zote ni mtikisiko. Vaa chungwa lako lote bila wasiwasi. Ni la kukuepusha na risasi ya mwenzako, na sheria inalidai.

Mbona unasema tuwasome watu? Wawindaji huenda wapi?

Huenda karibu na barabara. Watafiti wa Pennsylvania walifuatilia wawindaji wenyewe, kwa ndege na kwa vifaa vya GPS, kwenye misitu ya umma. Wengi walibaki jirani na barabara na waliikwepa miteremko mikali. Na walipoulizwa wametembea umbali gani, walitaja umbali mkubwa kuliko ule waliotembea kweli. Hapakuwa na nia ya kudanganya: gizani, ukipanda na mzigo mgongoni, nusu maili ni safari.

Hiyo ndiyo ramani ambayo kulungu anayo kichwani. Anajua watu huingia kwa njia zipi, saa ngapi, na huishia wapi. Wewe nawe ichore. Zunguka mahali pa kuegesha magari siku ya ufunguzi, au siku yoyote ya Jumamosi, uhesabu magari. Tazama njia zilizokanyagwa. Weka alama kila dungu unaloliona. Ukimaliza, sehemu tupu zitajitokeza zenyewe kwenye ramani, na baadhi yake zitakushangaza.

Kwa hiyo nitembee maili tatu ndani?

Watu wengi watakwambia hivyo, na mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Umbali husaidia pale tu unapokutoa kwenye watu. Mapori mengi ya Pennsylvania yamekatwakatwa na barabara. Ukitembea maili tatu kutoka barabara moja umefika maili moja kutoka nyingine, na mwenzako ametokea huko.

Tafuta badala yake vitu vinavyowakatisha watu tamaa. Kijito cha kuvuka ambacho maji yake yanaingia kwenye viatu. Mteremko ambao hakuna anayetaka kumburuta mnyama wa kilo sabini kuupanda. Kichaka kibaya cha ekari mbili nyuma ya mahali pa kuegesha magari, ambacho kila mtu anakipita gizani akikimbilia mbali. Pembe ya pori iliyobanwa kati ya barabara kuu na mtambo wa umeme. Dume mzee anaweza kuishi humo misimu mingi akiwasikiliza watu wakipita.

Na fikiria safari ya kurudi kabla hujafyatua. Kama huna mwenzako wala kifaa cha kumburuta, ukampiga bondeni saa kumi na moja jioni, utautafuta usingizi wako kesho yake.

Dungu moja nilikalie mara ngapi?

Mara chache kuliko moyo wako unavyotaka. South Carolina, kwenye msitu wa Brosnan, watafiti walilinganisha nyendo za kulungu wenye kola na kumbukumbu za madungu yaliyokaliwa. Kadiri msimu ulivyoendelea, madume walizidi kujitenga na madungu wakati wa mchana. Dungu likishakaliwa, ilichukua kama siku tatu hadi kulungu walitumie tena eneo lile kama kawaida.

Siku tatu, na hiyo ni ardhi ambayo msimamizi anaweza kusema "leo hakuna mtu hapa." Kwenye ardhi ya umma huna mamlaka hayo: wewe umepumzisha dungu lako, na mgeni kakaa chini ya mti wako jana yake. Ndiyo maana napendelea kuwa na sehemu nyingi ndogo kuliko moja ninayoipenda. Sehemu nzuri kabisa, ikalie mara ya kwanza kwa upepo sahihi na siku sahihi, kwani mara ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote.

Wakati wa kupandana si huwa wanasahau hatari zote?

Hawasahau, ila wanahatarisha zaidi. Kaskazini mwa Marekani kilele chake ni katikati ya mwezi wa kumi na moja. Dume hutembea mchana kweupe kumtafuta jike, hutoka nje ya eneo lake, hupita asikopita mwaka mzima. Wapiga mshale wa Pennsylvania wanaipata neema hiyo. Msimu wa bunduki unapofunguliwa, kilele kimeshapita. Madume wamechoka, wamekonda, na kila sababu ya kubaki vichakani imerudi.

Hata katika wiki za kupandana, tazama majike walipo. Shinikizo likiwasukuma majike kwenye loreli, madume watakuwa pembezoni mwa loreli upande wa demani, wakinusa.

Dume mzee ni mjanja kwa kuzaliwa, au amejifunza?

Yote mawili, na ushahidi mzuri nilioukuta unatoka kwa wapiti, jamaa mkubwa wa kulungu, huko Alberta, Kanada. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliouawa na wawindaji walikuwa wale watembeaji wengi na wenye kujitokeza wazi zaidi. Waliokuwa watulivu na wenye haya walibaki. Yaani bunduki huchagua tabia. Mwaka 2017 ukatoka mwingine kuhusu majike: kadiri walivyozeeka walipunguza mwendo, wakakaa mbali na barabara, wakatumia maeneo magumu zaidi, hata jike wa miaka tisa au kumi alikuwa karibu hapatikani kabisa kwa mwindaji. Walitofautisha pia msimu wa mishale na msimu wa bunduki.

Kulungu wa mkia mweupe kwenye ardhi ya umma mara nyingi hafikishi umri huo. Lakini dume wa miaka minne kwenye State Game Lands amepita misimu mitatu au minne ya watu, na huyo si mnyama yule yule uliyemwona akila mahindi mchana mwezi wa nane.

Kila mahali ni hivi? Nimesoma kwamba shinikizo halina athari.

Huenda umesoma kuhusu Chesapeake Farms, Maryland, ambako watafiti hawakuona mabadiliko makubwa ya nyendo za madume kwa sababu ya wawindaji. Hakuna ugomvi hapo. Ni shamba linalosimamiwa, wawindaji wanadhibitiwa, uficho na chakula viko karibu. Kulungu ambaye tayari analala mita mia kutoka kwenye chakula chake hana haja ya kubadilisha mengi. Athari hutegemea watu wangapi, kwa siku ngapi, na kama kuna pa kujificha.

Je, hukimbilia mashamba ya watu binafsi?

Wakiwa na shamba lisilowindwa ndani ya eneo lao, ndiyo, watalitumia zaidi. Magharibi mwa Marekani jambo hili ni kubwa sana kwa wapiti. Utah, utafiti wa kola ulionyesha wakiiacha ardhi ya umma msimu unapoanza, wakihamia ranchi za watu, kisha wakirudi msimu ukifungwa. Wapiti hutembea mbali; kulungu wa Pennsylvania atavuka tu mpaka wenye bango la kukataza watu kuingia na kulala upande wa pili.

Usivuke bango kumfuata. Nenda ukabishe hodi kwa mwenye shamba mwezi wa sita, ukiwa umevaa vizuri, na mke au mtoto wako ukipenda, ujitambulishe na uombe. Wengi hukataa. Wanaokubali huwa wamekubali kwa sababu ulikuja kabla ya msimu.

Kuna pia jambo zito zaidi hapa ambalo kila mwindaji wa kulungu anapaswa kulijali. Kulungu Pennsylvania walikaribia kuisha mwishoni mwa karne ya 19. Game Commission iliundwa mwaka 1895, na wengine waliletwa kutoka majimbo mengine. Baadaye walizidi, wakala miche hadi sehemu za msitu zikakosa miti michanga na ikabidi kuwekewa uzio. Njia ya kuwapunguza ni leseni za majike. Sasa kulungu wakijibana mahali ambapo hapawindwi, leseni hazifanyi kazi yake: msitu wa jirani unaliwa, na wawindaji upande wa umma wanalalamika hakuna kulungu. Watafiti wa chuo kikuu cha Penn State na wenzao wamekuwa wakilifuatilia suala la kulungu na msitu tangu 2013 katika misitu ya Rothrock, Bald Eagle na Susquehannock.

Wanyama wa kwetu nao hufanya hivi?

Ndiyo. Swala pala walio nje ya mipaka ya hifadhi ya Serengeti, wanakowindwa, huanza kukimbia mtu akiwa mbali zaidi kuliko swala pala wa ndani ya hifadhi. Aliyekulia vijijini jirani na hifadhi hahitaji kola ya GPS kuambiwa hilo. Ninalikumbusha kwa sababu wenzetu kutoka Kenya, ambako uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku mwaka 1977, hufika huku wakidhani mnyama anayemwogopa mtu ni mnyama mgonjwa au mkali. Ni mnyama mwenye kumbukumbu.

Watembeaji na mbwa wao wananiharibia?

Kidogo, na wana haki ya kuwapo. Mtu anayepita kwenye njia ile ile, saa zile zile, akiongea, kulungu humzoea. Mbwa asiyefungwa ni habari nyingine.

Baada ya msimu hurudi kuwa kama zamani?

Polepole. Pennsylvania ina msimu wa bunduki za gumegume unaoanza tarehe 26 Desemba na kuendelea hadi Januari, kwa hiyo amani haiji siku bunduki za kisasa zinaponyamaza. Halafu baridi inabana, na kulungu anabana matumizi ya nguvu zake kwa sababu chakula ni kidogo. Kumfukuza fukuza mwezi wa pili kunamgharimu mafuta ya mwili ambayo hana ya kurudisha. Ukitafuta malalo kama nilivyoeleza, fanya mara moja kwa eneo, usirudie kila wiki.

Kisheria nahitaji nini Pennsylvania?

Kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya leseni ya kwanza. Msimu wa bunduki, inchi za mraba 250 za chungwa kichwani, kifuani na mgongoni, zionekane pande zote. Saa za kuwinda ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Usipige ndani ya yadi 150 za nyumba inayokaliwa bila ruhusa; kwa upinde ni yadi 50. Kuweka chambo cha chakula ni kosa. Ukimpata, mfunge lebo yako kabla ya kumsogeza na utoe taarifa ndani ya siku kumi. CWD, ugonjwa unaomuua kulungu kwa kuharibu ubongo wake, uligunduliwa jimboni mwaka 2012, na maeneo yenye ugonjwa yana masharti kuhusu kusafirisha kichwa na uti wa mgongo. Kanuni hubadilika kila mwaka, soma kitabu cha mwaka husika.

Na kwa wasio raia: sheria ya shirikisho ya kushika bunduki inaangalia hadhi yako ya uhamiaji. Muulize mwanasheria kabla ya kugusa bunduki ya rafiki, hata ya kujaribia.

Zimebaki siku tatu na sijaona hata mkia. Nifanye nini?

Acha dungu lako. Achana na ukingo wa shamba. Chukua ramani yako ya watu, chagua kichaka kizito ambacho hakina alama ya mtu, na uingie saa mbili kabla ya mapambazuko ukitokea upande ambao upepo wako haukigusi. Usiingie ndani, kaa pale vichaka vinapokutana na msitu wa kawaida, au kwenye ujia unaounganisha vichaka viwili.

Kaa siku nzima. Wengi hutoka saa nne asubuhi kwenda kujipasha moto na hurudi saa tisa. Miguu yao ikitembea, kulungu waliolala karibu na njia zao husogea, na husogea kuelekea ulipo wewe. Beba chakula, chai ya moto, soksi za kubadilisha na nguo nzito ya kuvaa ukishafika, maana ukiivaa wakati wa kupanda utaloa jasho na baridi itakutoa mapema. Usikoki bunduki kwa mlio. Mwone mnyama kamili, na kilicho nyuma yake. Mwachie mtu wa nyumbani jina la pori, mahali ulipoegesha gari na saa utakayorudi, kwa kuwa simu hazishiki mabonde mengi ya huko.